Upande wa Ndani wa Mfuko

Nianze na ukweli, maana nikiuacha mwishoni nitapata nafasi ya kuukwepa: nilimwonea Mama Fundi wivu. Haukuwa wivu wa siku moja, wa kuja na kwenda. Ulikuwa wivu wa miaka kumi na tisa, wa kukaa kibanda kwa kibanda, yeye upande ule na mimi upande huu, na katikati yetu njia nyembamba ambayo watu wawili wenye vikapu hawawezi kupishana. Nikiinua kichwa kutoka kwenye cherehani yangu, namwona. Nikikiinamisha, namsikia.

Sote wawili tulishona sare za shule hapa mjini Nyeri, katika lile jengo la mafundi nyuma ya soko ambalo mvua ya Aprili ikinyesha maji hupita chini ya meza. Mimi nilikuwa fundi bora kuliko yeye. Nasema hivyo bila haya, na yeye mwenyewe alikuwa akisema hivyo mbele za watu. Mshono wangu ulinyooka. Wake ulikuwa na tabia ya kulala upande. Pindo langu halikuwahi kufumuka kabla ya muhula wa tatu. Lakini Januari ikifika, wazazi walipoteremka kutoka Tetu, Endarasha na kwingineko, wamewashika watoto wao mikono, foleni ilikuwa kwake. Kwangu walikuja waliochoka kungoja.

Sababu ilikuwa mfuko.

Mtoto akishapimwa kifua, kiuno na urefu, Mama Fundi alimgeukia mzazi. "Wewe mama, hebu toka kidogo. Niko na maneno na huyu." Mzazi alitoka akasimama kwenye njia, yaani mbele ya meza yangu, akicheka peke yake. Kisha Mama Fundi aliinama mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto, akauliza taratibu, "Sasa niambie. Hii mfuko yako, hapo ndani, mahali hakuna mtu ataona. Nikuwekee nini?"

Na mtoto alisema. Wengi waliomba kuku, baiskeli, ng'ombe wa nyumbani kwao, na huyo ng'ombe ilibidi awe na doa mahali penyewe. Kijana mmoja aliomba babu yake, na Mama Fundi akamshonea kofia tu, na yule kijana akaitambua. Mwingine, wa kutoka Endarasha, aliomba upepo. Siku hiyo niliweka mkasi chini nione ataushona vipi. Alichukua uzi wa kijani, akashona majani matatu yameinama upande mmoja. Basi. Nikamaliza siku nzima nimeudhika.

Yupo mmoja ambaye sijamsahau. Alikuwa msichana wa miaka sita, sketi ya kwanza, pua inamtiririka kwa baridi. Mama Fundi hajamaliza hata kuuliza, mtoto akajibu, "Kiazi."

"Kiazi gani?"

"Ile imeanza kuota."

Mama Fundi hakucheka. Alitafuta uzi wa rangi ya udongo, akatafuta na mweupe kidogo wa zile ncha za kuota, akakishona kiazi. Kila Januari msichana yule alirudi, na kila mwaka aliomba kiazi kilekile, na kila mwaka kilikuwa kimeota zaidi kidogo.

Msinione mjinga, nilijaribu. Mwaka mmoja niliona haina maana kumwachia wateja kwa sababu ya kipambo kidogo ndani ya mfuko. Nikakaa wiki nzima kabla shule hazijafunguliwa, nikashona nyota. Nyota nzuri, zenye ncha tano, zote za manjano, zote sawasawa, kila mfuko na nyota yake. Wateja walipokuja niliwaonyesha kwa maringo. Mvulana mmoja aliugeuza mfuko wake, akatazama, akaugeuza wa dada yake, akatazama, akairudisha mifuko yote miwili mahali pake. Mama yao akasema, "Asante fundi, ni maridadi." Upande wa pili wa njia nilimsikia Mama Fundi akikohoa kikohozi cha kuzuia kicheko. Nilitamani sakafu ipasuke.

Akiulizwa kwa nini anajisumbua, alikuwa na jibu lake moja. "Nje ni yao. Ndani ni ya mtoto." Hakuwa na jingine, na wala hakulieleza.

Ningependa kusema alikuwa mkaidi, mpinzani, mtu wa kuleta fujo, kwa maana hapo ningepata pa kumshika. Hakuwa. Hakuna mtu aliyependa sare kuliko yeye. Akimwona mwanafunzi barabarani na shati limetoka nje alipiga kelele mpaka wauza ndizi wakageuka: "Ingiza hiyo shati! Unataka watu waseme ulishonewa na mwendawazimu?" Wimbo wa taifa ukipigwa kwenye redio ya jirani, alisimama, hata kama ana pini mdomoni. Leseni yake aliilipia kabla yetu sote. Askari wa kaunti wakiingia jengoni, hata kama wamekuja kununua soksi, mikono yake ilitetemeka akashindwa kutia uzi kwenye sindano, ikabidi mimi nimtilie. Nilimtilia. Mambo ya wivu ni mengine na uzi ni mwingine.

Ilipotoka amri kwamba vibanda vyote mjini vipakwe rangi moja, kijivu, ili mji upendeze, mimi ndiye niliyenung'unika. Nilikuwa na mlango wa bluu niliouchagua mwenyewe. Yeye alikuwa wa kwanza kununua rangi. Alipaka kijivu safi, mpaka bawaba. Halafu upande wa ndani wa mlango, ule unaouona ukishajifungia, akaupaka rangi ya chungwa. Saa saba mchana alifunga mlango akala chakula chake humo ndani kwa dakika kumi. Nilikula changu nikiutazama ule mlango wa kijivu, nikijua kilichoko nyuma yake, na chakula hakikunipita vizuri.

Na kuna habari ya vidole. Mafundi wote tuliitwa kusajiliwa upya, safari hii kwa mashine. Unaweka vidole kwenye kioo, taa ya kijani inawaka, umeshakuwa mtu. Mama Fundi alikuwa amechuma majani chai huko Tetu tangu usichana wake mpaka watoto wake walipokua, kisha akaingia kwenye sindano. Ncha za vidole vyake zilikuwa laini kabisa, hazina hata mstari. Aliweka kidole, mashine ikalia. Akaambiwa aoshe mikono. Akaosha. Akaambiwa apake mafuta. Akapaka. Yule karani, kijana wa watu mwenye adabu, alitokwa jasho, akasema naye kama na bibi yake.

"Shosho, pole sana. Sistimu inasema hakuna mtu."

"Inasema nini?"

"Ati hakuna mtu."

Mama Fundi alicheka mpaka kitambaa chake cha kichwa kikateleza. Akanigeukia mimi niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. "Umesikia? Serikali imenishika mkono na haijaniona!"

Mimi vyangu vyote kumi vilikubaliwa mara moja. Karani akaniambia, "Mzee, wewe uko sawa kabisa. Hakuna shida yoyote na wewe." Nilitembea kifua mbele mpaka stendi. Nilipofika nyumbani furaha ilikuwa imeniishia, na nikagundua namwonea wivu hata kwa hilo. Sikusahau kwamba yeye alirudishwa mara tatu, akipoteza siku tatu za kazi kabla ya kuandikishwa, kwa sababu ya vidole alivyovimaliza kwa kufanya kazi. Nililijua hilo, na bado roho iliniuma.

Sasa nifike pale nisipopapenda.

Tuliitwa mkutano katika bwalo la shule moja, mafundi wote wa sare. Afisa aliyetumwa alikuwa kijana, mpole, na suti iliyomkaa vizuri. Nilimtazama mabega na sikuona kosa. Akatueleza kwamba kila mwanafunzi sasa ana namba yake, namba ya kumfuata tangu siku ya kwanza ya shule mpaka kazini. Namba hiyo itachapishwa kwenye kitambaa kidogo, nasi tutakishona ndani ya mfuko. Mfuko uwe mweupe, bila alama nyingine yoyote. Asiyefuata ataondolewa kwenye orodha ya mafundi, na shule hazitapokea nguo zake.

Mama Fundi aliinua mkono. Sijui aliupata wapi ujasiri huo. "Bwana, na mtoto yake ataweka wapi?"

"Yake nini, mama?"

Alifungua mdomo. Akatafuta neno, akalikosa, akaketi. Watu wakacheka. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Nilidhani yameisha. Januari ile nikakaa macho kwenye meza yake nione foleni inavyohama kuja kwangu. Haikuhama. Aliwapima watoto, akawatoa wazazi, akauliza swali lake lilelile. Kisha nikamwona anavyofanya. Alishona kwanza kuku, au baiskeli, au chochote, halafu akaiweka namba juu yake, akaizungusha mshono pande zote nne, sawasawa na sheria. Ukiugeuza mfuko unaona kitambaa cheupe na namba. Kuku yuko chini. Walijua watoto, na nilijua mimi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeketi mahali pa kuona.

Namba mfukoni mwa kila mtoto wa kaunti nzima, na bado watoto walikuwa wa Mama Fundi. Hilo ndilo lililonikaa kooni.

Yule afisa alipita kukagua vibanda. Alianza na changu. Akageuza mifuko mitatu minne, akasifu. Aliniuliza, kama mtu anayeaga, "Na wenzako hapa? Wako sawa?"

Ningeweza kusema waulize wenyewe. Ningeweza kusema sijui, na wala isingekuwa mara ya kwanza kwangu kusema sijui. Mama Fundi alikuwa hapo mita mbili, mgongo umenigeukia, cherehani yake inalia. Nikashusha sauti.

"Wako sawa. Lakini ningekuwa wewe, ningefumua hizo namba nione chini."

Hakufumua pale. Labda alimwonea Mama Fundi huruma, labda hakunielewa. Alifumua baada ya wiki mbili, shuleni, watoto wakiwa kwenye gwaride. Mafundi wa kwenye orodha tuliitwa tushuhudie. Watoto wakaambiwa wageuze mifuko. Ikatoka mifuko mistari mizima, myeupe kwenye baridi ya asubuhi, na mwalimu mmoja akapita na wembe akikata nyuzi za kile kitambaa cha namba.

Chini yake kulikuwa na kuku. Kulikuwa na bata mmoja, na yule afisa alipomwona alitabasamu kabla hajakumbuka alikuja kufanya nini. Halafu akatoa kalamu. Mistari ya nyuma ilikuwa imeshaanza kelele, watoto wanageuziana mifuko. "Onyesha yako!" "Hiyo ni nini?" "Ni upepo." "Haiya, upepo!" Walimu wakanyamazisha huku, kukazuka kule.

Msichana wa kiazi alikuwa sasa darasa la nne. Alisimama ameukamata mfuko kwa ngumi, na mwalimu akalazimika kumfungua kidole kimoja kimoja. Hakulia. Alitazama mbele.

Nilikuwa nimetegemea kufurahi, nawaambia kweli. Nilikuwa nimeingoja siku ile. Nikatazama lile gwaride, baadhi ya watoto wamevaa mishono yangu iliyonyooka, na mifuko yao imegeuzwa pia, na chini ya namba zao hakukuwa na kitu. Wale wa kwangu walikuwa wanachungulia mifuko ya wenzao. Ule wivu wangu ukawaka upya, mbaya kuliko mwanzo, maana hata pale alipokuwa akishindwa ilikuwa ni sherehe yake.

Wakamtoa kwenye orodha. Alifunga kibanda siku ya Ijumaa. Aliuza cherehani kubwa, ile ndogo ya mkono akaenda nayo. Alipita kwenye meza yangu na mzigo wake akaniambia, "Haya basi, fundi. Wewe fanya kazi." Nikamjibu, "Haya, mama."

Nilipata wateja wake wote. Nilishona namba mpaka nikiziona nikifumba macho. Wazazi hawakutolewa tena nje, maana hapakuwa na siri ya kuzungumza. Watoto walisimama wima, wakapimwa, wakaondoka. Mwaka uliofuata likaja agizo kwamba vibao vya majina kwenye vibanda viondolewe, ili wote tuwe na vibao vya aina moja, vya namba. Kibao changu chenye jina langu, nilichokiandika kwa mkono wangu nilipoanza kazi, nikakipeleka nyumbani kikawa mfuniko wa pipa la maji. Asubuhi moja mama mmoja alisimama mlangoni na karatasi mkononi. "Wewe ndio kumi na nne?"

"Ndiyo," nikasema. Nikaendelea kushona, na baada ya muda nikaona nimeshona mkono wa shati ukageuka ndani nje. Sijawahi kufanya kosa hilo tangu nianze kazi.

Julai iliyopita nilichukua koti langu la baridi, lile la kijivu, nikauchana mfuko wake kwa mkasi. Kisha nikauvuta pande zote ili uonekane umechakaa. Nikapanda gari la Tetu, nikashuka barabarani, nikauliza njia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani chai, nikamwona ng'ombe wake kabla sijaiona nyumba.

Alikuwa barazani na blanketi magotini, na ile cherehani ndogo ubavuni. Amepungua. Macho yake yamefifia, lakini alinitambua kwa hatua.

"Ni wewe, kijana?" Nina wajukuu, lakini kwake nilibaki kijana.

"Ni mimi, mama. Mfuko ya koti yangu imeharibika. Nikasema nikuletee."

"Na wewe si fundi?"

"Ni fundi. Lakini mambo yako ya mfuko ni yako."

Alilichukua koti. Hakulitazama, alilipapasa kwa vile vidole visivyo na alama. Vilifika kwenye mchano vikasimama. "Hii ni mkasi," akasema.

Akamwita mjukuu ndani alete chai, ikaletwa, nikakishika kikombe mpaka chai ikapoa. Nikapiga moyo konde.

"Mama, ile siku ya namba. Ni mimi nilisema."

"Najua."

"Ulijua kutoka lini?"

"Kutoka siku hiyo. Nani mwingine alikuwa anaona mikono yangu? Ulikuwa unaniangalia miaka hiyo yote kuliko hata mzee wangu aliniangalia." Akacheka kidogo, kicheko kikawa kikohozi. "Nilikasirika. Nilikasirika sana, usidhani sikukasirika. Nilikuwa nimezoea ile kazi."

"Nisamehe, mama."

Alitia uzi kwenye sindano mwenyewe, mara ya kwanza akakosa, ya pili akakosa. Nilinyoosha mkono kumsaidia, akautoa mkono wangu njiani. Mara ya tatu ukapita. Akaushona ule mchano, mshono ukalala upande uleule wa siku zote. Kisha akaugeuza mfuko nje, akaulaza juu ya goti, akaupapasa ukanyooka. Akainama mpaka uso wake ukalingana na wangu.

"Sasa niambie," akasema. "Hapa ndani, mahali hakuna mtu ataona. Nikuwekee nini?"

Hicho ndicho kilichonipeleka. Mnajua hivyo, na mimi nilijua tangu niliposhika mkasi. Miaka yote niliyokuwa nikilisikia lile swali likiulizwa upande wa pili wa njia, nilikuwa nangoja zamu yangu. Nikafungua mdomo.

Nikafikiria nyota, nikaona haya. Nikafikiria mlango wangu wa bluu, na sikuweza kukumbuka bluu ile ilikuwa ya namna gani, wala kwa nini niliichagua. Namba yangu ya kibanda ilinijia kwanza, na ya kitambulisho nyuma yake, nzima, bila kukosea tarakimu. Mama Fundi alikuwa anangoja, sindano juu, hana haraka. Ng'ombe alipiga chafya huko kwenye ukungu.

"Chochote," nikasema. "Chochote tu, mama. Wewe weka unayotaka."

Wivu nimeuzoea, ningejua la kufanya kama angenitazama kwa dharau. Alinitazama kwa huruma.

"Chochote sijui kushona," akasema. Akakata uzi kwa meno, akaurudisha mfuko ndani, akanipa koti langu. "Siku utajua, urudi. Lakini usichelewe, mimi macho inaniisha."

Sijarudi. Nimeketi kibandani, mkono ndani ya mfuko, napapasa kitambaa kitupu kilichoshonwa vizuri, na kila siku nafikiria. Yule msichana wa kiazi alikuwa na miaka sita, na alijibu kabla swali halijaisha.